Baba Alikuwa Mtazamaji

Hotuba katika kumbukizi ya mwaka mmoja, Tabora

Wazee wangu, shikamooni. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Itifaki izingatiwe, maana nikisema nianze kumtaja mmoja mmoja, kuanzia wastaafu wa reli waliofika kwa treni ya jana hadi majirani zetu wa Ng'ambo na Isevya, kutakucha tukiwa humu humu. Dua tumeshaisoma nyumbani asubuhi, Mwenyezi Mungu aipokee. Jioni hii ni ya masimulizi. Mama ameniruhusu niseme ukweli, ila kwa kuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, nitausema kwa adabu.

Tangu siku ya msiba nasikia watu wakimsifu Baba kuwa alikuwa mwigizaji hodari. Hata bango hili nyuma yangu limeandikwa hivyo, na vijana waliolichapisha wamejitahidi, rangi zimekaa vizuri. Lakini mimi binti yake, niliyemwona jukwaani na kumwona nyumbani, sikubaliani nalo. Baba hakuwa mwigizaji hodari. Sauti yake haikufika mstari wa nne. Ukimpa maneno kumi anakumbuka sita, mawili anatunga, mawili anameza. Naona wazee wa kikundi chake wanacheka pale. Wao ndio waliokuwa wakiziba mapengo.

Alichojaliwa ni kingine, nacho ni adimu zaidi. Alikuwa mtazamaji. Mpe Baba kiti, na mbele yake mtu anayefanya jambo lolote, awe mwigizaji, mcheza mazingaombwe, kinyozi, au mlevi anayetafuta mlango wa kwake, basi mtu huyo amepata hadhira ambayo hataipata tena. Ndiyo maana safari na maigizo, mambo mawili ambayo kila mmoja hapa anamkumbuka nayo, mimi nayaona kuwa yalikuwa jambo moja.

Aliingia reli akiwa kijana mdogo, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akastaafu akiwa mkaguzi wa tiketi wa reli ya kati. Wajukuu mliozoea mabasi niwakumbushe: reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, na hapa Tabora ndipo njia panda. Huku Mwanza, kule Kigoma, na ukifika Kaliua kuna tawi la Mpanda. Kwa hiyo usiku wowote ule Baba angeweza kuwa popote, na sisi tulizoea kulala tukimsikiliza kwenye honi.

Kazi ya mkaguzi ni kuona tiketi. Baba yeye aliwapenda wasio nazo. Abiria mwenye tiketi anakunyooshea karatasi na kurudi usingizini, habari yenu imekwisha. Asiye nayo lazima aseme kitu, na akisema anaigiza. Kuna mama wa "mume wangu yuko behewa la mbele na tiketi zetu zote," na hilo behewa la mbele ni la mizigo. Kuna kijana aliyelala usingizi wa maiti tangu Morogoro, lakini kila kona anageuza shingo isije ikamuuma. Baba alikuwa hawakatizi. Alisimama na tochi yake akawasikiliza hadi nukta ya mwisho, kisha akirudi nyumbani, kabla hajavua viatu, anatoa maksi. Huyu mwanzo mzuri, katikati kajichanganya. Yule sauti anayo, macho hana.

Anayejulikana ukoo mzima ni bubu wa Dodoma. Alipanda bila tiketi, akajifanya bubu. Na hakuwa bubu wa kubahatisha: alikuwa na ishara zake, na ile sauti ya kooni, na uso wa mtu aliyezoea kutoeleweka. Baba akakaa naye. Wakazungumza kwa mikono, Bahi ikapita, Kintinku ikapita, Baba akiuliza kwa vidole una watoto wangapi, yule akijibu wanne, mmoja mgonjwa. Behewa zima likaingiwa na huruma. Kuna bibi alishaanza kufungua pindo la kanga atoe mchango. Wakafika Saranda. Mnaoijua Saranda mnawajua kuku wake, wanauzwa dirishani wakiwa wa moto, na treni haikai sana. Bubu akachagua kuku, akatoa noti, treni ikaanza kujivuta kabla muuzaji hajarudisha pesa. Bubu akatoa kichwa dirishani hadi mabegani, akapiga ukelele uliofika kwenye injini: "We mama, chenji yangu!"

Baba ndiye aliyeanza kupiga makofi. Kisha akakaa, akatoa kitabu cha risiti, akamwandikia nauli na faini. Msidhani alikuwa akiwaachia. Ila mara moja moja alimlipia mtu kutoka mfukoni mwake, na Mama alizijua siku hizo bila kuambiwa, kwa kuwa mchuzi ulikuwa mwepesi.

Likizo nazo hakukaa nyumbani. Mara nyingi alikwenda Kigoma kupanda Liemba. Wajerumani waliijenga meli ile Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande, na vipande hivyo vilipita hapa hapa Tabora kwa reli. Wakaiunga Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 adui asiipate, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Haya yote aliyajua kwa moyo, lakini siyo yaliyompeleka. Wala ziwa halikumpeleka. Wasafiri wengine walikuwa wakipiga picha jua likizama upande wa Kongo, yeye kalipa mgongo jua, anatazama foleni ya chai.

Alinichukua safari moja nikiwa shule ya msingi. Usiku wa manane akaniamsha, akanipandisha juu, akanishikisha ukingo. Meli ilikuwa imesimama mbali na ufuko, maana vijiji vingi vya mwambao ule havina gati. Honi imelia, taa kubwa zimeelekezwa majini. Kutoka gizani ukaja mtumbwi mmoja, ikaja mitatu, kisha maji yakajaa mitumbwi, inagongana, kila mmoja unautaka mlango wa ubavuni kwanza. Magunia ya dagaa yanapanda, mananasi, kuku waliofungwa miguu. Mtoto mchanga anapitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu huku mama yake bado yuko mtumbwini anagombana na mpiga kasia kuhusu nauli. Na kulikuwa na bwana mmoja, mguu mmoja melini, mguu mmoja mtumbwini, na vyombo vyenyewe vinaachana. Baba akaniinamia sikioni: "Mama, mwangalie yule. Achana na miguu, angalia uso." Nikauangalia. Yule bwana alikuwa anatabasamu. Anatutabasamia sisi wa juu, mtu wa watu, hana shida na mtu, na miguu inazidi kutanuka. Baharia mmoja akamdaka mkanda wa suruali akamvuta ndani. Juu tukashangilia, naye akatuinamia mara mbili, kulia na kushoto, kabla hajatafuta pa kukaa.

Baba alisema hakuna jukwaa lenye taa nzuri kuliko lile nchi nzima. Mimi nimeona majukwaa kadhaa tangu wakati huo, na sina la kubisha.

Treni ya TAZARA pia aliipanda, kilomita zote 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, akarudi na blanketi na maneno machache ya Kibemba. Hakusimulia mengi, inaelekea abiria wake walikuwa na tiketi.

Lakini Nairobi aliisimulia hadi uzeeni. Kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika, mfanyakazi wa reli alikuwa na pasi yake ya likizo, na reli ya Moshi ilikuwa ikiungana na ya Kenya kwa njia ya Taveta na Voi. Oktoba 1976 Baba alikuwa Nairobi, akaingia kwenye jumba la taifa la maigizo kutazama mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, na Kiingereza cha Baba kilikuwa cha reli: saini hapa, mzigo huu wa nani. Maneno mengi yalimpita na alikiri. Alichokishika ni mwisho. Waigizaji wakashuka wakiimba, wakapita katikati ya viti, na watu wakasimama, wakawafuata, wakatoka nao mlangoni wakicheza hadi nje. Baba naye akajikuta nje, anaimba asichokijua. Alikuwa akisema usiku ule ndipo alipoelewa kwamba anayekaa kwenye kiti naye ana kazi ya kufanya. Februari 1977 mpaka ukafungwa, Jumuiya ikavunjika, na ile pasi ikabaki kwenye droo. Habari ya mafao ya wastaafu tuiache, leo si siku yake.

Sasa nije kwenye ukumbi huu tuliomo. Miaka ile karibu kila shirika la umma lilikuwa na kikundi chake cha utamaduni: ngoma, kwaya, ngonjera, vichekesho. Wenzetu wa reli wakaona vichekesho haviwatoshi, wakataka kucheza "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein. Tamthilia hiyo ya mwaka 1969 mnaijua, wengi mmeisoma shuleni: Vita vya Maji Maji, yule mganga wa Ngarambe aliyewaunganisha watu kwa maji, na Wajerumani wakamnyonga Mohoro mwaka 1905. Baba akapewa askari. Maneno machache, bunduki ya mbao, kofia.

Tatizo likawa maji. Masimulizi ya Ngarambe yanasema mganga alizama kidimbwini, akakaa humo usiku kucha, akatoka nguo zake zikiwa kavu. Utamwonyeshaje mtu anayezama kwenye ukumbi wa saruji hapa Tabora, tena kiangazi, bomba halitoi hata la kunawa? Wakachukua mashuka ya behewa la kulala, wakayashona pamoja, vijana wawili wakashika ncha hii na wawili ile, wakaanza kuyatikisa taratibu usawa wa magoti. Hapo ndipo Kinjeketile alipoingia, akazama, akapotea. Waliokuwapo wanasema nembo ya reli ilikuwa ikionekana kila shuka lilipoinuka, na hakuna aliyecheka. Watu walipiga kelele. Mama mmoja pale karibu na nguzo alisimama akaita jina la mtoto wake, akidhani mtoto wake kasogea mtoni.

Na Baba? Baba alitakiwa kuingia dakika chache baadaye na bunduki yake. Hakuingia. Mwenzake akamtafuta, akamkuta kachungulia pembeni ya pazia, mdomo wazi, anamtazama yule mama wa kwenye nguzo. Ikabidi asukumwe. Akaingia jukwaani kwa kujikwaa, akasema maneno ya mtu mwingine. Hivyo ndivyo tulivyompoteza mwigizaji. Hawakumfukuza, ila tangu siku hiyo wakampa kazi ya kukaa na watu wakati wa mazoezi na awaambie wapi panachosha. Kila anayenisimulia habari za kikundi kile anasema kazi hiyo aliifanya bila huruma.

Miaka ya 90 akiteremka Dar es Salaam hakuna aliyempata nyumbani kwa baba mdogo jioni. Yuko kwenye kumbi, anafuata vikundi vya Muungano au TOT popote walipo. Zama zile tiketi moja ilikupa vyote, ngoma, sarakasi, mchezo wa kuigiza, na taarabu ya kufungia kazi, na wengi walikwenda kwa ajili ya hiyo taarabu, wasikie mipasho ya Nasma Khamis na Khadija Kopa. Mchezo ukianza watu wanakwenda kununua mishikaki. Baba hainuki. Na alikuwa na tabia moja iliyomtia aibu Mama, samahani Mama: kutunza. Mwimbaji wa taarabu kutunzwa ni kawaida. Baba alikuwa anawatunza waigizaji. Mtu anakufa jukwaani, kachomwa kisu, anatoa pumzi ya mwisho, mke wake wa kwenye mchezo analia, na hapo Baba anaonekana anakuja kutoka nyuma na kaunda suti yake, noti juu, anachezesha bega, anambandika maiti noti kwenye paji la uso. Nasikia kuna maiti mmoja alisema asante.

Bagamoyo ilikuwa hija yake ndogo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na tamasha la kila mwaka likimkuta na nauli haliendi bila yeye. Alipenda kusema kwamba mababu zetu Wanyamwezi walitembea kutoka hapa hadi Bagamoyo wakiwa na pembe za ndovu mabegani, yeye anakwenda na leso. Ukumbi wa chuo ulipoungua mwaka 2002 alikaa kibarazani siku nzima akipokea watu, na kuna majirani waliompa pole kabla hawajajua ni nani aliyefariki.

Nimesema nitasema ukweli. Mtazamaji ni mtu mzuri kukaa naye kwenye onyesho. Kuishi naye ni habari nyingine. Tulipogombana sisi watoto, Baba alikuwa hatuamui. Anakaa mkao mzuri. Siku dada na mimi tulipopasua redio tukigombea mchezo wa Pwagu na Pwaguzi, alisubiri tumalize kulia, kisha akamwambia dada, "Wewe umeanza kulia mapema mno." Mama ndiye aliyelea. Mama ndiye aliyeamua kesi, aliyekwenda shule kuitwa na mwalimu, aliyejua bei ya unga. Baba alikuwa safarini, na akirudi alikuwa mgeni anayetupenda sana. Nilimkasirikia kwa hilo nilipokuwa mkubwa, nikamwambia, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Sikujua kama nishukuru au nizidi kukasirika.

Mwaka 2024 mjukuu wake alimpandisha treni ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma. Kwa mguu ule wa wakati ule ilikuwa kazi kumfikisha stesheni, lakini alivaa kaunda suti. Tiketi inasomwa na geti, dirisha halifunguki, kuku hakuna, na kabla hujamjua jirani yako mmefika. Tulitegemea asifie. Akasema ni treni nzuri, nchi imepiga hatua, ila haimpi mtu muda wa kutunga uongo.

Kuhusu msiba, mlikuwepo, siurudii wote. Nitasema la watani. Mnajua sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Basi siku ya pili ya matanga, tumekaa chini ya turubai, kilio kimetulia kidogo, anatokea mtani wetu kutoka chumbani kwa Baba. Kavaa kofia ya Baba ya reli, imemfunika masikio. Mkononi ana lile koleo la kutobolea tiketi. Anatembea mwendo wa Baba, ule wa mtu aliyezoea sakafu inayocheza, miguu imepanuka, goti limelegea. Anakohoa kikohozi cha Baba. "Tiketi! Tiketi jamani! Anayelia bila tiketi atateremka Malongwe!" Watu wakaanza kutafuta mifukoni kweli. Mwingine katoa kadi ya kliniki, ikatobolewa. Akafika kwa shangazi, dada yake Baba wa tumbo moja, aliyekuwa hajala wala kusema tangu jana yake. Mtani akasimama, akainamisha kichwa upande, akafunga mikono kifuani, vile vile, vile vile kabisa alivyokuwa akisimama Baba kusubiri kusikiliza. "Dada, tiketi yako iko wapi?"

Shangazi akamtazama muda mrefu. Kisha akasema, "Anayo kaka yangu. Yuko behewa la mbele."

Sijui ni nani aliyeanza, kulia au kucheka. Mimi nilifanya vyote. Shangazi alikula usiku ule.

Namalizia na sanduku lake. Tumelifungua na Mama mwezi uliopita. Ndani kuna tamthilia alizonunua tangu ujanani, za Ebrahim Hussein, za Penina Muhando, na tafsiri za Shakespeare za Mwalimu Nyerere. Kila kitabu kina alama za penseli pembeni, na si kwenye maneno ya askari wake. Ameandika watu walifanya nini. "Hapa Tabora walicheka. Kigoma kimya." "Mtoto kalia, mwigizaji kangoja, vizuri." "Wamechoka." Ukurasa mmoja wa "Lina Ubani" umeandikwa "M. kalia," na Mama anasema M. siye yeye, na sisi tumeamua kutouliza zaidi.

Familia imekubaliana vitabu hivyo viende maktaba ya shule aliyosoma, visomwe na alama zake zikiwamo, zisifutwe. Ila "Mabepari wa Venisi" haionekani. Ni ile ya mwaka 1969, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Baba aliazimisha watu ovyo, kwa hiyo iko kwa mmoja wenu humu ndani. Aliyenayo ailete, hata usiku, aiweke kibarazani. Akitaka kueleza kwa nini imekaa kwake miaka yote hiyo, tutamsikiliza.

Wazee wa kikundi watatuonyesha kipande chao sasa, mashuka tumeazima ya nyumbani. Wakimaliza, chakula kipo nyuma ya ukumbi, wazee na wageni wa Kigoma watangulie. Asanteni sana.